Freni ilirudi yenyewe, mimi nikabaki mwongo

Juzi kijana mmoja wa Panzi, hapa Bukavu, aliniandikia: «Yaya, mafuta ya freni mu moto (pikipiki) yangu yamekuwa meusi lakini bokali (kikopo cha hayo mafuta) iko imejaa, mekanisie anasema iko sawa tu, ningoje yapungue njo tuongeze.» Nilisoma ile mesaji mara mbili. Maneno yale yale nilielezwa mimi, nikayaamini, na nikamwangusha mama mdogo wangu ku Ngomo.

Ngomo tunaijua wote. Ukitoka Bukavu unapita Nyangezi, alafu mlima unakatika na barabara inashuka kona juu ya kona mpaka Kamanyola kwenye bonde la Ruzizi, mkono mmoja ukuta wa udongo, mkono mwingine korongo. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya bahari, Kamanyola iko mamia ya mita chini yetu, sasa ule uzito wote wa moto na watu na mizigo unashikwa na freni. Mama mdogo anauza mchele, siku ile alikuwa anaenda kuufuata kulekule bondeni, na akasema heri anipande mimi kuliko motari asiyemjua.

Nakiri kosa langu moja: nilishuka na vitesi (gia) ya nne, mkono wa kuume umeshika freni bila kuiachia. Lakini mbio sikuwa mbio. Katikati ya mteremko nikasikia mkono wa freni unalegea, nikikamata unaenda laini kama sponji, kona iliyofuata ukafika mpaka ku gido (usukani) na moto haishikwi hata kidogo. Nikakanyaga freni ya nyuma, tairi ikateleza mu vumbi. Nikachagua ukuta, sababu upande mwingine hakukuwa na kitu cha kuchagua. Mimi nilichubuka magoti, mama mdogo alivunjika mkono wa kushoto.

Na hapa njo kidonda chenyewe. Tulikaa pembeni ya barabara karibu saa nzima tukingoja gari, watu walisimama kutusaidia, mmoja akainua moto akakamata freni, akaniangalia: «Mbona freni iko?» Nikakamata na mimi. Ngumu, nzuri kabisa, kama vile hakuna kilichotokea. Kesho yake fundi aliyekuwa anatengeneza ile moto akaijaribu mbele ya wajomba zangu, akatingisha kichwa, akasema huyu alikuwa mbio. Mu kikao cha familia niliomba msamaha kwa mbio ambayo sikuikimbia. Niliomba, nikalipa hospitali, nikanyamaza, na mpaka leo kuna mjomba mmoja hapandi moto yangu.

Miezi mitatu baadaye mzee mmoja fundi wa Kadutu alifungua ile bokali mbele yangu. Mafuta yalikuwa meusi kama chai iliyolala. Akaniuliza: haya yamekaa muda gani? Nikasema sijawahi kuyatoa, tunaongezaga tu. Njo akanieleza. Mafuta ya freni yanakunywa maji, yanayavuta kutoka mu hewa polepole, yanapita mu mipira na mu kifuniko, na sisi huku tuko na mvua kuanzia Septemba mpaka Mei. Yale maji hauyaoni, bokali inaonekana imejaa. Ukishuka mlima mrefu plaketi (vile vibao vinavyobana diski ya tairi) zinapata joto, joto linaingia mu mafuta, yanachemka, yanatoa mvuke. Mafuta hayabanwi lakini mvuke unabanwa, kwa hiyo unakamata mkono na nguvu yako yote inaishia kubana mvuke. Ikipoa, mvuke unageuka maji tena, freni inarudi. Nilisikia machozi pale garaje, sioni haya kuyaandika.

Sasa namba. DOT ni daraja la mafuta ya freni. DOT 3 ikiwa mupya inachemka kuanzia digrii 205, DOT 4 kuanzia 230, DOT 5.1 kuanzia 260. Zikishakunywa maji ya kama asilimia 3.7, kipimo cha chini kinakuwa 140, 155 na 180. Ona vile DOT 4 iliyozeeka inaanguka chini ya DOT 3 mupya! Kwa hiyo usijisifu uko na DOT 4 kama iko mule tangu moto inunuliwe. Soma kifuniko cha bokali, mara nyingi namba imeandikwa pale pale. Kama ni DOT 3 unaweza kutia 4, zinaelewana. DOT 5 tupu, isiyo na .1, ni silikoni, ni jamii ingine kabisa, usiichanganye. Na mafuta ya injini usitie hata tone, mipira ya ndani inavimba inaharibika. (Moto zenye tamburi na kamba mbele na nyuma hazina haya mafuta, hii si yenu.)

Nunua chupa ndogo iliyofungwa na sili. Ile wanakupimia kutoka mu bidoni iliyofunguliwa tangu wiki ingine imeshaanza kukunywa maji, wewe unalipa maji.

Kubadilisha nafanya mwenyewe kila mwaka mwezi wa 8, wengi wanasema miaka 2, mimi sitaki kungoja. Futa vumbi ku kifuniko kwanza, vuta ya zamani na serengi, tia mupya. Vika tiyo (mpira mwembamba) safi ku visi ya etriye (ile inayoshika plaketi), mwisho wake mu chupa, fungulia na kle (spana) ya 8. Kamata mkono wa freni, ushikilie, fungua visi, mafuta yatoke, FUNGA VISI kabla hujaachia mkono. Rudia, rudia, mpaka itoke safi bila mapovu, na bokali isikauke katikati, ikikauka umeingiza hewa na unaanza upya. Ikidondoka ku rangi ya tanki mwaga maji haraka, inakula rangi. Ya zamani usimwage ku mtaro, mitaro yetu mingi inashuka ziwani.

Na mteremko ushuke na vitesi ya pili, injini ikusaidie, freni uikamate na kuiachia. Ndugu zangu, mtu aliye nyuma yako amekupa maisha yake bila kuuliza mafuta yako yana umri gani.

Mwezi uliopita nilishuka Ngomo na mama mdogo nyuma. Alinishika kiuno kwa nguvu mpaka Kamanyola, hakusema neno, akashuka, akaenda kutafuta mchele wake.

Wewe wa Panzi, usingoje yapungue. Nunua chupa leo, nipigie picha kifuniko chako nikuambie namba, na kama huna kle ya 8 pita uchukue yangu.