Jibu: Natubu Jumapili, Jumatano nimerudi kulekule

Ndugu, umeuliza kama toba yako ni ya kweli, maana kila katikati ya juma unarudi kwenye picha chafu za simuni. Kuumia kwako si unafiki. Paulo naye analia katika Warumi 7:19 kwamba baya asilolipenda ndilo alitendalo. Ila usiishie kwenye ungamo la pamoja la ibadani. Yakobo 5:16 inataka tuungamiane: tafuta mwanamume mmoja aliyekomaa, asiye na mdomo, mkutane hapo Moshi mjini kila wiki siku ileile, kikombe cha chai kinatosha. Akuulize moja tu: "Mara ya mwisho lini?"

Halafu angalia saa. Wengi huanguka usiku, wamechoka, wako peke yao, simu iko chini ya mto. Ikifika saa tatu iache sebuleni kwenye chaja. Utasema ndiyo kengele yako ya asubuhi (wote husema hivyo). Nunua saa ya mezani. Kufunga siku tatu huku simu ikilala kitandani ni kujichosha bure.

Ukianguka, ungama usiku huohuo, 1 Yohana 1:9. Ukingoja Jumapili, utajiambia "nimeshaharibu" na kuongeza la pili.