Ramani ni nzuri, ndugu, lakini mama mkwe atalala wapi?

Nimesoma swali lako mara mbili. Uko Doha, una kiwanja cha futi 50 kwa 100 huko Mukono, Uganda, umepakua ramani ya vyumba vitano yenye jiko la wazi na paa la kuficha (mabati yasiyoonekana, yamezibwa na ukuta), na sasa majibu ya watu wa mtandaoni yamekuchanganya. Huyu anasema ongeza ghorofa, yule toa nguzo ya sebuleni, mwingine eti madirisha makubwa yatazame kusini. Unauliza umsikilize nani.

Hapo nilishapita. Tulijenga hapa Busia, upande wa Uganda, kuanzia 2017 mpaka tulipohamia mwishoni mwa 2020, na karibu kila ukuta wa nyumba hii ulijadiliwa kwanza na watu ambao hadi leo sijawaona kwa macho. Mimi ni wakala wa forodha, nashinda na simu mkononi nikingoja malori yavuke, kwa hiyo muda wa kubishana na wageni ninao. Wapo walioniokolea pesa. Wapo walioniponza pia, na siwalaumu, maana niliwauliza mambo wasiyoweza kuyaona kutoka walikokaa.

Kosa langu la kwanza ni hilohilo lako. Nilibandika ramani nikaandika, "Mnaionaje?" Ukiuliza hivyo kila mtu anakujengea nyumba yake. Bwana mmoja wa Kanada alinisihi sebule itazame kusini ipate jua. Kwao ni sawa kabisa, wana baridi na jua lao liko kusini mwaka mzima. Nikabadilisha ramani, nikamlipa mchoraji mara ya pili. Ni mtu wa Mwanza aliyenishtua: "Dada, wewe uko ikweta, jua la kusini la nini?"

Alichonieleza kinakuhusu na wewe, maana Mukono nako ni ikweta tu. Jua la saa sita hupita utosini Machi na Septemba. Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini, lakini hata hapo haliachani na utosi zaidi ya nyuzi 24 hivi. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini unalindwa na paa peke yake: likitokeza sentimita 80 nje ya ukuta, saa sita ya siku mbaya kuliko zote linashusha kivuli cha karibu mita 1.8. Shida iko magharibi. Jua la saa kumi huja limelala, linapita chini ya paa lolote, linachoma kochi na mtoto aliyesinzia juu yake. Huko ndiko nilikoweka bafu, stoo na ukuta mtupu. Tangu siku hiyo kila mshauri nilimuuliza kwanza: uko wapi, na mvua ya kwenu hunyeshaje?

Sasa tuje kwenye kiwanja chako. Futi 50 ni mita 15.2. Ramani yako ina upana wa mita 14. Ukiiweka katikati kabisa unabaki na sentimita 60 kila upande. Ukitokeza paa sentimita 80, maji yanamwagikia kwa jirani. Na fundi wa plasta atasimamisha wapi mbao zake? Nashuku ndiyo sababu mchoraji wa hiyo ramani alipenda paa la kuficha: halina pa kutokea. Wote waliokujibu wamezungumzia rangi ya ukuta na umbo la madirisha, hakuna aliyechukua kalamu akatoa 14 kwenye 15.2.

Paa la kuficha lenyewe silipingi, nimeona yanayokaa vizuri. Ila lielewe kabla hujalilipia. Mabati yanalala nyuma ya ukuta kwa mteremko mdogo, maji yanakimbilia mfereji wa ndani, na mfereji huo uko juu ya silingi yako. Kwenye paa la kawaida gata ikiziba maji yanamwagika uani, mnacheka, mnapanda ngazi kesho. Hili likiziba unaamshwa na maji ya uso. Fanya hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mita za mraba 180 likipata milimita 30 kwa alasiri moja, na Aprili hilo si ajabu, ni lita 5,400 zinazotafuta tundu la kutokea. Rafiki yangu wa Tororo alikuwa na bomba mbili. Moja ilizibwa na majani ya mwembe, nyingine na kandambili ya mtoto, mpaka leo hakuna anayejua ilifikaje huko. Ukilishikilia, dai bomba za kutosha, matundu ya dharura ukutani yaliyo chini ya usawa ambao maji yangeanza kuingia ndani, na njia ya mtu kupanda kufagia. Mimi nilichukua paa la kawaida, na hizo lita nikazielekeza kwenye tangi la lita 5,000.

Jiko. Picha yako inaonyesha kaunta nyeupe na bakuli la ndimu. Sigiri, lile jiko la mkaa, siioni. Swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa na mgeni lilitoka kwa mama mmoja wa Kisii, na lilikuwa fupi: "Maharagwe yanachemkia wapi?" Nilikuwa sijafikiria. Gesi nitachemshia chai na mayai, lakini maharagwe huchukua muda wa saa tatu, na muda huo ni wa mkaa, na mkaa haukai kwenye jiko lililoungana na sebule. Moshi na masizi ni afadhali, unayaona. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na sigiri ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha huua watu. Tukaongeza jiko la nje, mita tatu kwa tatu, na paa lake.

Hilo jiko nalo nililiweka pabaya, na hapo hakuna mtu wa mtandaoni angenisaidia. Jirani yetu ni bibi anayeanika muhogo. Kuta zilipofika usawa wa dirisha akaja na fimbo yake, akasimama, akatazama, akasema, "Mwanangu, mbona huu moshi mnaupeleka kitandani?" Kila siku ya mvua yeye hukimbia kuanua, anajua upepo unaanzia wapi kwa sababu ndio unaompeperushia turubai lake. Kwa miaka mingi unatoka kona ileile. Tukabomoa, tukahamisha upande wa pili wa ua. Matofali mengine yalivunjika, fundi akanuna wiki nzima. Mwambie shemeji yako anayekusimamia huko Mukono atafute mtu wa namna hiyo hapo jirani: anayeanika kahawa, anayefua nguo za watu, yeyote ambaye mvua ikimwahi anapata hasara.

Haya, mama mkwe. Umeandika kwa kupita tu kwamba mama wa mkeo atakuja kukaa nanyi. Ramani yako imemweka mkabala na chumba chenu, mlango kwa mlango, bafu moja. Sijui mila ya kwenu, lakini kwetu Wasamia mkwe wa kiume na mama mkwe hawalali chini ya paa moja, sembuse kupishana koridoni na taulo. Kwa Waganda pia jambo hilo lina uzito, wana neno lake kabisa, obuko. Mimi nilishauriwa na watu watatu kwamba chumba cha wageni kikigusana na chumba kikuu nitaokoa mabomba. Kwa hesabu ya mabomba walikuwa sahihi, nikakubali. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Usiku akaichukua simu yangu, akaikuza ile picha, akaitazama muda mrefu, akauliza, "Na mama yako akija?"

Tulijenga kijumba cha chumba kimoja na choo chake, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni. Mama akija anafika kama malkia, ana ufunguo wake. Asipokuwepo analala kijana wetu mkubwa, ambaye ameshaota ndevu na kwa desturi yetu hapaswi kulala nyumba ya wazazi. Kwenye futi 50 kwa 100 kijumba kama hicho hakiingii ubavuni mwa nyumba ya mita 14, kitabidi kitafutiwe nafasi nyuma, ndiyo sababu nimekuuliza swali hili kabla ya mengine. Kabla hujabandika ramani tena, andika nani analala wapi, nani hapaswi kupishana na nani, nani anaamka saa kumi usiku, wapi panapikwa, pikipiki inaingia wapi. Utashangaa jinsi majibu ya watu walewale yatakavyobadilika.

Niliwadharau watu pia, nikajutia. Mtu mmoja aliyejitambulisha kama fundi wa Mbale aliona kwenye picha yangu kilima kidogo pembeni ya kiwanja. "Hicho ni kichuguu, chimbeni mpaka mumtoe malkia, msisawazishe juu juu." Nikamjibu kwa kidole gumba. Fundi wetu alikikwangua kwa jembe nusu siku, akasema kimekwisha. Baada ya mwaka mmoja baraza la mbele likaanza kulia kama ngoma ukiligonga kwa kisigino. Kisha likapasuka. Tulipofungua sakafu nilitia mkono ukazama hadi begani. Ndani kulikuwa na vitu vya rangi ya kijivu, vyepesi, vyenye matundu kama sifongo, ndimo mchwa wanamolima kuvu yao. Malkia tulimkuta chini zaidi, mnene kama kidole cha mwanaume. Fremu ya mlango ilikuwa inang'aa rangi, ukiibonyeza kidole kinaingia. Tukajaza maramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likishindiliwa, tukamwaga zege upya. Yule mtu wa Mbale nilimtafuta kumwomba radhi. Hakunijibu.

Kitu ambacho wageni wanakiweza kweli ni hesabu, kwa kuwa hesabu haitegemei upepo. Usiku mmoja mtu alinifafanulia zege la 1:2:4 kwa namna ambayo fundi hawezi kukupiga chenga. Mfuko wa simenti wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Basi tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, kwa ndani sentimita 40 kwa 35, kina 25. Hizo ni lita 35 kamili. Kila mfuko mmoja: masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto, basi. Fundi wangu alikuwa anapima kwa wilibaro iliyojazwa kilima, mchanga wilibaro tatu kwa mfuko, akiniambia ndio mtindo wa hapa. Sanduku lilipofika akalitazama kama askari wa trafiki. Kwako uliye mbali ndiyo dawa: shemeji akupigie video sanduku likijazwa, ukihesabu.

Nguzo usiitoe kwa maneno ya mtu yeyote, na mimi nikiwemo. Kuna sheria ya udhibiti wa majengo ya 2013, unahitaji kibali cha ujenzi, na michoro inayokwenda kwenye kamati ya majengo ya wilaya au manispaa sio hiyo uliyopakua. Mtafute msanifu aliyesajiliwa na mhandisi wa kupiga hesabu ya nguzo. Ramani ya mtandaoni mpelekee kama picha ya kumwonyesha unachopenda, kama unavyompelekea fundi cherehani picha ya gauni.

Na ardhi yenyewe, nalipita haraka kwa kuwa wengine wameshasema: Mukono ni Buganda. Uliuziwa hati au kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine? Kama ni kibanja kwenye ardhi ya mailo, ile ardhi ya Buganda inayomilikiwa na mtu binafsi, kuna mwenye ardhi, na kama aliyekuuzia hakupata ridhaa yake ya maandishi una tatizo kubwa kuliko paa. Kama ni hati, ipekuliwe ofisi ya ardhi, na mpima afungue mipaka kabla hata tofali moja halijashushwa. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, peke yake haitoshi.

Ukitaka nikusaidie zaidi, acha ramani kwanza. Tuma picha ya kiwanja, mvua ikiwa imetoka kunyesha, si kabla. Shemeji asimame kona ya chini kabisa, asivue gambuti, tuone maji yanamfika wapi. Na kile kitu cha kahawia nyuma ya mgomba kwenye picha yako ya tatu, aende akakipige teke atuambie ni udongo wa nini.