Simba hufuata majani: niliyojifunza kwa kufuga jirani na Saadani

Kwanza niwape pole ndugu zangu mlioamka wiki hizi mkakuta zizi limebomoka. Hali ile naijua. Unasimama na tochi, ng'ombe wanahema, mbwa amejibanza uvunguni, na harufu ya damu imechanganyika na ya samadi mbichi. Nafuga upande wa Mkwaja, wilaya ya Pangani, huu mwaka wa 12 sasa: ng'ombe wachache na mbuzi, jirani kabisa na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Miaka mitatu ya mwanzo niliamini simba na chui ni kama radi, haimpigi mtu kwa hesabu. Imani hiyo ilinigharimu mbuzi 9 na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, niliyekuwa nimemlea kwa chupa.

Niwasimulie habari ya huyo mtamba, maana ndipo nilipofunguka macho.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, vuli imekolea. Kiangazi chote sikuguswa. Nilikuwa nimechoka kukesha, kuni zimeloa, nikasema mvua imekuja, wanyama wa porini sasa wana chakula tele huko kwao, simba hana haja na mimi. Nyuma ya zizi nyasi zilikuwa zimefika kiunoni nami nikafurahi, malisho mlangoni! Kama saa mbili usiku ng'ombe wote walisimama kwa pamoja, bila kulia. Kaskazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuvuma, ikileta harufu kutoka kwenye vichaka vya juu. Kabla sijavaa viatu walishausukuma ua wa upande wa pili, ule nilioufunga kwa matawi machache kwa sababu hautazami porini. Simba hakuruka ua wangu wala hakuubomoa. Ng'ombe wenyewe waliubomoa kwa hofu, wakatawanyika gizani, naye akachagua.

Asubuhi nilifuata mburuzo. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja, kama mahali palipokokotwa mtumbwi kwenda majini. Mita mia mbili hivi, chini ya mgunga, nikamkuta mtamba wangu.

Jirani yangu, mzee wa Kiparakuyo aliyekulia kwenye mifugo, alikuja kunipa pole. Nilimwamkia nikamweleza yote. Hakutazama mzoga hata kidogo, alikuwa akitazama mbuga. Akaniuliza, "Mwanangu, mwezi wa tisa ngiri ulikuwa ukiwaona wapi?" Nikamwambia pale lamboni, kila siku. "Na sasa?" Nikashindwa kujibu. Akasema, "Basi na simba naye amewapoteza kama wewe."

Neno lile ndilo msingi wa ninayowashauri leo. Kiangazi kinapokaza, maji hubaki sehemu chache: mto Wami, malambo, madimbwi ya kudumu. Tohe, kongoni, kuro, ngiri, nyati, wote wanalazimika kwenda huko. Simba hana kazi kubwa, hulala karibu na maji akangoja. Mvua ikinyesha kila bonde linakuwa na kidimbwi na kila kilima kina majani mabichi. Windo linatawanyika, na simba aliyekuwa akishiba kwa kutembea kidogo sasa anatembea usiku kucha. Nyasi nazo zimerefuka, anaweza kusogea hadi mlangoni pako bila kuonekana. Katika mizunguko hiyo anakutana na zizi: nyama 30 zimefungwa mahali pamoja, zinanuka, zinalia, hazikimbii.

Si kwetu tu. Katika ranchi zilizo pembezoni mwa Tsavo, Kenya, watafiti walikuta mashambulizi ya simba kwa ng'ombe yanakwenda na misimu ya mvua. Huko Simanjiro nako, masika yakifika nyumbu na pundamilia hutoka Tarangire kwenda kwenye mbuga za wafugaji, na simba huwafuata nyuma. Kwa hiyo ukiniuliza ni wakati gani wa kukarabati ua, nitakwambia Septemba na Februari, kabla ya vuli na kabla ya masika, na si baada ya kulia.

Usinielewe vibaya, kiangazi nacho kina hatari yake, ila inahama mahali. Wakati wa mvua hatari iko zizini usiku. Wakati wa ukame iko lamboni, hata mchana, kwa sababu ng'ombe wako na nyati wanataka maji yaleyale. Nywesha jua likiwa juu, kati ya saa nne na saa nane. Usimtume mtoto peke yake. Usiache wanyama wakazubaa kwenye matete wakinywa mmoja mmoja. Na moto ukipita mbugani, kumbuka kwamba wiki chache baadaye machipukizi yataita tohe na ngiri, na nyuma yao mwenye kucha. Wachungaji vijana hupenda kukimbilia palipoungua kwa sababu majani ni laini. Nendeni, lakini mchana, tena wawili, na mrudi mapema.

Kuna jambo jingine la majani ambalo sijaona likizungumzwa, nalo naliona kubwa. Wazee hapa wanaikumbuka ranchi ya Mkwaja, iliyofuga ng'ombe kwa maelfu kuanzia 1954 hadi ilipofungwa mwaka 2000, ikiwa imeelemewa na mbung'o na migunga iliyozidi kumeza malisho. Ardhi yake sasa ni sehemu ya hifadhi. Mahali palipokuwa na mazizi ya ranchi ile, samadi ya miaka mingi iliurutubisha udongo, yakaota majani mafupi matamu, na ngiri wakayafanya malisho yao miaka mingi baada ya ng'ombe kuondoka. Sasa tazama sisi tunavyofanya: tunahamisha zizi hatua 50 tu kutoka kwenye hame la zamani, halafu tunashangaa kwa nini ngiri wanalala jirani na ndama. Samadi ya zizi la zamani izolewe, ipelekwe shambani kwenye mihogo na minazi. Ukiiacha, unalima bustani ya windo la simba mlangoni pako. Mimi nililizoa hame langu lote kwa mkokoteni, kazi ya wiki tatu. Palipobaki nikapanda mahindi, yakazaa vizuri mno.

Sasa nije kwenye mwezi, na hapa naomba msome polepole.

Watu wengi wanaogopa usiku wa kiza cha mwezi mwandamo na kulala usingizi mzito mbalamwezi ikiwaka. Mwaka 2011 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, akiwemo Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha utafiti juu ya mashambulizi ya simba kwa watu nchini mwetu kati ya 1988 na 2009, mengi yakiwa pwani ya kusini. Walikuta hatari inapanda ghafla siku zinazofuata mwezi mpevu, katika zile saa za giza baada ya magharibi. Sababu yake inaeleweka. Mwezi ukiwa mkubwa windo linaona mbali, simba anakosa, anashinda na njaa. Mwezi ukishapita mpevu unachelewa kuchomoza, karibu dakika 50 zaidi kila siku. Siku ya tatu unatoka mnamo saa tatu usiku. Kuanzia jua linapozama hadi hapo ni giza totoro, na simba ana njaa ya siku kadhaa. Ndizo saa ambazo sisi bado tunakamua, tunahesabu mbuzi, tunamtuma mtoto akatazame ndama aliyebaki nyuma.

Nilipofungua daftari langu nikakuta mtamba alikufa tarehe 18 ya mwezi wa Kiislamu, saa mbili usiku. Nilitetemeka.

Sisi wa pwani tuna bahati, hatuhitaji kalenda ya ofisini kujua haya. Uliza wavuvi. Bamvua, yaani bahari kujaa kupita kawaida, hupanda mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Baada ya bamvua la mwezi mpevu, maji yanapoanza kupungua kuelekea maji mafu, yale yasiyojaa sana, ndiyo majuma ya kukaza mlango. Tena dalili ya wazi kuliko zote iko ufukweni: wavuvi wa dagaa wanaovua kwa taa hupumzika mbalamwezi inapowaka, kwa sababu taa yao haina nguvu mbele ya mwezi. Ukiona wanatengeneza taa na kurudi baharini, giza limerudi. Mke wangu ndiye aliyeligundua hili. Siku moja alirudi na dagaa wabichi kwenye beseni akaniambia, "Baba watoto, dagaa wameanza, funga zizi mapema." Tangu siku hiyo ndiyo kengele yetu ya nyumba nzima. Jua likigusa minazi, mifugo yote ndani.

Kuhusu ua, niseme yale yaliyonisaidia. Kwanza ujue unamzuia nani, maana simba na chui hawana tabia moja. Simba mara nyingi anataka ng'ombe au punda. Chui anataka mbuzi, kondoo, ndama mchanga, hata mbwa wako. Chui haogopi ua mrefu, anaruka au anashuka kutoka kwenye tawi. Nilikata matawi yote ya mwembe yaliyoning'inia juu ya banda la mbuzi, japo mama alinung'unika kwa ajili ya maembe. Banda la mbuzi liwe na paa. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kwa ng'ombe, jambo la kwanza wasiweze kuona nje wala kusukuma ua ukalegea. Miiba mikavu ya mgunga hudumu msimu mmoja, mchwa wanaila chini na wewe unaona bado imesimama. Kule Simanjiro, shirika la African People & Wildlife limesaidia wafugaji kujenga boma hai: nguzo za miti inayochipua ikichomekwa, kisha wavu wa seng'enge kuzunguka. Miti inakua, wavu unabaki, na unapata ua usiohitaji kukata miiba kila mwaka. Mimi sikuwa na fedha za wavu wa kuzunguka zizi lote, nikaanza na upande mmoja. Upi? Upande wa demani, kama wasemavyo manahodha, kule upepo unakoelekea. Harufu ya simba ikija na upepo ng'ombe hukimbilia upande huo, basi uwe ndio imara. Wakati wa kaskazi ni upande wa kusini-magharibi, kusi ikivuma inakuwa kinyume chake. Na nyasi zifyekwe hatua 30 kuzunguka zizi, kila wiki ya mvua, hata kama mgongo unauma.

Taa zinasaidia. Kijana wa Kenya, Richard Turere, akiwa na umri wa miaka 11 tu, alibuni taa za kuwaka na kuzima kandokando ya zizi la kwao karibu na Hifadhi ya Nairobi, na zimesambaa mbali. Ninazo nne za sola. Ila usiziwashe mwaka mzima, simba huzoea. Mimi huziwasha zile siku za giza baada ya mpevu na nyakati za nyasi ndefu, na kila baada ya siku mbili nazihamisha.

La mwisho linaniuma kulisema. Baada ya mtamba, jamaa mmoja alinijia usiku na kichupa cha dawa ya wadudu, akaniambia nipake mzoga, simba atarudi kula na mambo yataisha. Nilikikamata kile kichupa mkononi. Nilikuwa na hasira ya kutosha. Mzee jirani akaniambia, "Akifa simba, watakufa na tai. Mbwa wako atakufa. Na mtoto wako huchezea wapi?" Mwaka 2018 kule Ruaha walikufa simba 6 kwa sumu, na makumi ya tai juu yao. Tai ndio wanaotuonyesha mzoga ulipo na kuumaliza kabla haujaoza karibu na maji tunayokunywa. Nilimrudishia kichupa chake, na nawasihi nanyi mfanye hivyo.

Fanyeni hivi badala yake. Usiku huohuo msitoke kumfuata mnyama. Asubuhi, kabla watu hawajakanyagakanyaga, tafuteni unyayo. Wenye alama za kucha mbele ni wa fisi au mbwa. Simba na chui huficha kucha wanapotembea. Wa chui una upana wa sentimita 7 hadi 9, wa simba mkubwa unafika 12 na kuzidi. Weka kiberiti pembeni upige picha, ili ukubwa uonekane. Kisha funika ule uliochorwa vizuri zaidi kwa karai, weka na jiwe juu, mvua isiufute wala kuku wasiuparue. Ndipo utoe taarifa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori wa wilaya siku ileile, maana madai ya kifuta jasho, yaani malipo ya serikali kwa aliyeliwa mifugo, bila ushahidi wa mnyama aliyehusika hayafiki popote. Yangu ya kwanza ilikwama hapo: afisa alifika siku ya tatu, mvua ilishapita, nikabaki nikimwonyesha tope. Ya pili, ya mbuzi wawili walioliwa na chui, tulifunua karai mbele yake, na vidole vinne vilikuwa pale chini, vimekauka vizuri kama muhuri.