Waziri Mkuu wetu si kama wa Uingereza

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kwa nini sisi Watanzania tuna Rais na Waziri Mkuu, ilhali Kenya, hapo tu ng'ambo ya Namanga, inaye Rais peke yake. Nchini Uingereza Waziri Mkuu ndiye kiongozi wa serikali, na Mfalme ni mkuu wa nchi. Kwetu vyeo vyote viwili ni vya Rais, ambaye humteua Waziri Mkuu miongoni mwa wabunge wa majimbo, kisha Bunge humthibitisha. Kenya ilikirejesha cheo cha Waziri Mkuu mwaka 2008, kikakoma 2013. Kwa maoni yangu, tofauti nzito zaidi ni kwamba Katiba yao ya 2010 inakataza waziri kuwa mbunge, wakati mawaziri wetu ni lazima wawe wabunge (wengine huteuliwa ubunge na Rais mwenyewe), hivyo mbunge anayeisimamia serikali huketi bungeni pamoja na waziri anayesimamiwa.