Vanishi ya mbao juu ya pasteli za mafuta? Ngoja kwanza

Dadangu, umeuliza kama unaweza kuipaka picha yako ya pasteli za mafuta (vijiti laini vya rangi) vanishi ya mbao ya hadiwea kabla ya kumkabidhi mteja wa Buruburu. Usithubutu, hasa kwa brashi: itaburuta rangi na kuchafua picha nzima.

Shida iko kwenye rangi yenyewe. Pasteli hizi zimetengenezwa kwa nta na mafuta ya madini yasiyokauka, kwa hiyo hata mwaka ujao ukipitisha kidole bado rangi itatoka. Vanishi ikigandia juu ya kitu laini hivyo, inaweza kupasuka au kubanduka. Spreyi ya nywele nayo achana nayo. Huwa manjano baadaye.

Kuna spreyi ya pasteli za mafuta hasa, kama ile ya Sennelier. Ukiipata, puliza tabaka nyembamba dirisha likiwa wazi, ila jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Hata hivyo inapunguza tu kuchafuka, haiigeuzi picha kuwa ngumu.

Mimi ningetia pesa kwenye fremu ya kioo. Mwambie fundi aweke kadibodi nene pembezoni ili kioo kisiguse rangi, la sivyo rangi itanata kwenye kioo. Mteja asiitundike panapopigwa na jua la mchana.

Kuisafirisha kwa matatu bila fremu? Ifunike kwa karatasi ya kuokea, uilaze bapa kati ya kadibodi mbili, na usiikunje kamwe.