Jibu: Alfa inatuambiaje kilichomo ndani ya kiini?

Mkuu, umeuliza chembe ya alfa (protoni mbili na neutroni mbili zinazoruka pamoja kutoka kiini cha atomu) ikishatoka itatuonyeshaje kiini kimejipangaje. Pima nishati yake (kwa MeV, kipimo cha nishati za viini) na nusu-uhai, yaani muda wa nusu ya atomu kuoza. Thoriamu-232 hutoa alfa ya MeV 4, nusu-uhai miaka bilioni 14. Poloniamu-212 hutoa ya MeV 8.8, nusu-uhai sekunde 0.0000003! Nishati imezidi mara mbili tu. Gamow alieleza mwaka 1928: alfa haiuruki ukuta wa kiini, inaupenya, na nishati ikizidi kidogo kupenya kunarahisika mno. Ni kama wimbi la ziwani litokee upande wa pili wa jiwe la Bismarck bila kulivuka wala kulizunguka (mfano mbovu, najua, ila sisi wa Mwanza tutaelewana).

Sasa penye utamu. Neutroni hujipanga kwa matabaka ndani ya kiini. Poloniamu-210 ina neutroni 126, tabaka limejaa: MeV 5.3, siku 138. Ongeza neutroni mbili tu, upate ile poloniamu-212, nishati inaruka hadi 8.8, maana hizo mbili zimekaa nje ya tabaka, hazijashikwa sawasawa. Mruko huo ndio unaofichua tabaka.

Radiamu-226 nayo hutoa alfa za 4.78 na 4.60. Tofauti hiyo, karibu 0.18, ni takriban ngazi ya kwanza ya nishati ya radoni-222, kiini kinachobaki alfa ikishatoka.