Kwako unayeanza kufundisha kompyuta gerezani

Siku yangu ya kwanza niliingia na masomo yote kwenye flashi. Afande wa langoni akaitia kwenye droo, akanirudishia jioni nikitoka. Alifanya kazi yake: barua yangu ya ruhusa haikutaja kifaa chochote. Basi orodhesha kila kitu kwenye maombi, hata waya wa chaji, na uwe na somo la akiba la kufundisha kwa chaki tu.

Intaneti hutaipata, na simu ni marufuku kwa wafungwa. Nilikata katoni, nikachora kibodi, kila mtu akapata yake. Zamu ya kompyuta ilipofika, vidole vilishajua njia.

Mwanafunzi usimwulize kosa lake. Mwulize aliingia mwaka gani. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mzee mmoja darasani kwangu alifungwa kabla ya hapo. Habari zake alizisikia kwa wafungwa wapya tu. Nikaandika menyu ubaoni: Tuma Pesa, Toa Pesa, Lipa na M-Pesa. Akamtumia nauli jirani yake wa benchi, kwa karatasi na kalamu. Alisoma namba ya mpokeaji kwa sauti, tarakimu moja moja, akairudia, ndipo akaandika PIN huku ameifunika kwa kiganja. Hakuna aliyemwambia aifunike. Nilikuwa nimepanga kuanza na Excel wiki ile, nikaiahirisha.

Maana akitoka, mambo yatamjia kwa mnyororo. Bila kitambulisho hasajili laini. Bila laini hana M-Pesa, na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, itamsumbua. Huko eCitizen ndiko anakoombea cheti cha tabia njema, ambacho waajiri wengi hukidai. Mwambie ukweli mapema kwamba hukumu yake inaweza kuonekana humo. Inauma kumwambia mtu hivyo, lakini inauma zaidi akigundulia dirishani pa mwajiri. Ndiyo maana natilia mkazo kazi za kujiajiri: kuchapa barua, kutengeneza simu, kuwajazia watu fomu kwenye saiba.

Mahabusu nao wana hesabu yao. Anaitwa kortini asubuhi, pengine harudi tena. Kwa hiyo kila kipindi kifundishe jambo moja likamilike, na mtu aondoke na karatasi ya hatua alizoziandika kwa mkono wake. Ukikuta nafasi yake iko wazi, usimwulizie mbele ya darasa. Mpe mwingine katoni yake, muendelee.